Wazee kuangalia wazee: shajara ya mradi wetu Tanga, Januari mpaka Juni

Januari

Haya, tumeanza rasmi. Kwa ambaye hajui mradi wenyewe ni hivi: tunachukua wazee ambao bado wana nguvu, kuanzia miaka 60 kwenda juu, wastaafu na wasiostaafu (mkulima anastaafia wapi kwani), tunawafundisha kuwatembelea na kuwaangalia wazee wenzao ambao miguu au macho au kumbukumbu zimeshaanza kugoma. Nasema kuwaangalia, sio kuwatibu, na hapo ndipo tutakapovutana sana huko mbele.

Tuko upande wa Pongwe kuelekea Muheza, mitaa na vijiji vilivyozungukwa na mkonge. Eneo lina mambo yake. Huku kuna wazee waliokuja ujanani kukata mkonge, manamba, kutoka Kigoma, Njombe, Songea, wengine Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, wakakata mpaka kamba za plastiki zikaingia sokoni bei ya mkonge ikaporomoka mashamba yakafa moja moja, na wao wakabaki hapahapa. Kuna ambao hawajawahi kurudi kwao hata kuzika. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inaitaja familia kuwa ndio nguzo ya matunzo ya mzee, sawa, ila mtu wa namna hii akifika 85 familia ipi sasa. Majirani ndio familia yenyewe, na majirani wanachoka.

Pesa nayo ni ishu. Zanzibar walianza pensheni jamii 2016, kila aliyefika miaka 70 awe aliajiriwa au hakuajiriwa, wakaanza na 20,000 kwa mwezi. Bara hatuna ya kila mzee. Wazee wetu wanalijua hili vizuri kuliko sisi maana nusu yao wana ndugu Pemba, na hakuna kikao kinachopita bila mtu kuuliza "na sisi lini?" Hatuna jibu, tunaendelea na ajenda.

Watu wanatuuliza kwa nini msichukue vijana. Vijana tunawapenda lakini wanaondoka, akipata kazi Dar au hata ya bodaboda mjini kashapotea na mafunzo yake. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, ule mpango mkubwa ulizinduliwa 2024, wanafanya kazi nzuri ila nyumba wanazogonga kwanza ni za wajawazito na watoto wadogo. Halafu kuna jambo ambalo halimo kwenye andiko la mradi, bibi wa miaka 80 hawezi kumwambia binti wa 22 kwamba usiku anajikojolea. Kwa mwenzie aliyezaa naye wodi moja anasema.

Januari mwishoni

Kikao na baraza la wazee la mtaa. Swali la kwanza, kabla hata dua haijakaa sawa: "Hii semina ina posho?"

Sio tamaa, jamani. Miaka mingi miradi imepita hapa na bahasha, mtu anakaa anasinzia anasaini anaondoka na elfu kumi, ndio watu walivyozoeshwa. Tukawaambia wazi, nauli tutarudisha, chai na mkate wa ajemi vipo, posho hakuna na haitakuja. Wengine wakaaga palepale kwa adabu kabisa, shikamoo marahaba, wakaenda zao. Mwenzetu mmoja alinuna akidhani mradi umekufa siku hiyohiyo. Mimi naona ule ndio mchujo bora tuliofanya, umetusaidia kuliko fomu yoyote ya usaili.

Waliobaki: mkunga mstaafu, fundi wa zamani wa reli, mama muuza vitumbua, mwalimu wa madrasa, katekista, mzee aliyekuwa nyapara shambani (huyu sauti yake tu inatosha kuamsha mtaa), na kina mama kadhaa ambao ukiwauliza kazi wanasema "mimi sina kazi" kumbe wamewahi kumuuguza mama mkwe kitandani miaka. Hao wa "sina kazi" ndio nawategemea zaidi.

Februari

Kitabu cha mafunzo tulichopewa ni kizito, kimetafsiriwa kutoka mahali, kina michoro ya wazee wa kizungu kwenye nyumba zenye bafu la marumaru. Tumekiweka pembeni. Shirika la Afya Duniani wana utaratibu wao wa kumpima mzee mambo sita: kumbukumbu, mwendo, lishe, macho, masikio, na moyo wake ukoje, yani kama ana huzuni. Huo tumeuchukua maana unafanyika kwenye mkeka bila umeme. Unamtajia maneno matatu umwambie ayakumbuke, baadaye unamwambia ayataje. Unamwambia ainuke kwenye kiti akae mara tano bila kushika kwa mikono, akizidi sekunde 14 weka alama. Unamuuliza kama amepungua zaidi ya kilo tatu kwa miezi mitatu, na kwa kuwa hakuna mwenye mzani unauliza kama gauni limepwaya au mkanda umeongezwa tundu.

Siku ya mtihani wa kiti wakataka kujipima wao kwanza. Fujo. Fundi wa reli kapita kwa sekunde chache mno anatamba, nyapara kazidi muda akasema kiti ni kifupi, tukabadilisha kiti, akazidi tena, akasema sakafu. Tumecheka mpaka basi ila jioni mkunga akatuita pembeni akasema huyu bwana goti lake lile apelekwe, na kweli kapelekwa. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza wa mradi ni mfanyakazi wa mradi.

Jinsi ya kufundisha. Hapa wazee wametufundisha sisi. Tulikuja na chati na maswali ya kuchagua jibu, wanaangalia tu. Ndipo mwalimu wa madrasa akasema, mbona hamfanyi kama Mtu ni Afya? Vijana wenzangu tukatazamana. Basi tukasimuliwa: 1973 nchi nzima ilikuwa na vikundi vya redio, watu mnakaa chini ya mwembe mna redio moja na kijitabu, kipindi kinapigwa, kiongozi anasoma, mnajadili, na hamuondoki mpaka mmekubaliana kitu cha kufanya wiki hiyo, kuchimba choo, kufyeka nyasi karibu na nyumba. Walishiriki watu kama milioni mbili. Yeye alikuwa kijana, alishika jembe. Miaka 50 baadaye anaikumbuka ratiba!

Tukageuza. Sasa kila somo ni hivyo, kikundi kidogo, mmoja anasoma kwa sauti, wanabishana, wanafanya kwa mikono, wanakubaliana jambo moja la wiki. Redio hatuna, kuna rekodi kwenye simu ya mkunga na spika ndogo ya mjukuu wake ambayo haiishi kukata.

Miwani! Niliandike hili kwa herufi kubwa kwa yeyote atakayeanzisha mradi kama huu. Tulidhani kuna ambao hawajui kusoma, wanarudisha fomu tupu. Hawa ni watu waliopita elimu ya watu wazima enzi za Mwalimu, wanasoma vizuri tu, macho ya karibu ndio yamekwisha. Tumenunua miwani ya kusomea ya sokoni, namba tofauti tofauti, kila mtu akachagua kwa kujaribu Qurani au Biblia yake mwenyewe mpaka herufi zikae sawa. Fomu zikaanza kujaa. Bado mashine ya presha tulichagua yenye tarakimu kubwa, na fomu tumechapa maandishi makubwa, karatasi zimeongezeka ila sio hoja.

Presha tumewafundisha kupima kwa utulivu. Mtu akae dakika tano kwanza, miguu isipishane, mkono ulale juu ya meza au mto usawa wa moyo, na asiongee. Hilo la kutokuongea limeshindikana. Unamtembelea bibi ambaye hajaongea na mtu tangu juzi halafu unamwambia anyamaze? Tumekubaliana maongezi kwanza, yaishe, presha mwisho. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi wanaandika, wanarudia siku nyingine, ikiwa hivyohivyo wanampeleka. Hawatamki "una presha". Wanasema twende ukaonwe.

Kunyanyua watu. Huku tumekuwa wakali kuliko kwenye kitu chochote maana tuna wafanyakazi wenye migongo ya miaka 67. Marufuku kumnyanyua mtu peke yako. Marufuku kumvuta kwa kwapa. Kanga inakunjwa inafungwa kiunoni kwa mgonjwa, mnamshika kwa hiyo kanga wawili, anasogea ukingoni mwa kitanda, miguu nyuma kidogo, anainama mbele, ndio anainuka kwa nguvu zake mwenyewe nyie mnaongoza tu. Kumgeuza kitandani ni kwa shuka iliyolala chini yake, mto katikati ya magoti. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kama kila masaa mawili, na waangalie kitako, visigino na nyonga, sehemu ikibadilika rangi na ukibonyeza rangi hiyo haipotei, hapo kidonda kinakuja. Mama mmoja kati ya wale wa "sina kazi" aliyafanya haya yote kabla hatujamaliza kueleza. Tukamkabidhi somo.

Mfungo

Ramadhani imeingia, ziara zimepungua ila imetokea kazi ambayo haikuwa kwenye ratiba, vidonge. Wazee wengi wanafunga na hawataki kusikia habari ya kutofunga hata kama dini yenyewe imemruhusu mgonjwa. Anayemeza dawa ya sukari asubuhi anafanyaje? Anahamisha mwenyewe kichwani, anameza zote wakati wa futari kwa pamoja "zifidie". Mwalimu wa madrasa kaifanya hii kuwa mada yake, anapita nyumba kwa nyumba baada ya alasiri anawauliza umemuuliza daktari? Kama hapana anakwenda naye. Kauli yake kuhusu ruhusa ya mgonjwa inasikika, angesema nesi kijana ingeonekana anaingilia ibada.

Hapohapo ikafunuka habari ya kugawana dawa. Nyumba hii ina vidonge vya nyumba ile. "Mwenzangu anameza hiki cheupe, presha yake imetulia, kanigaia." Na baadhi ya wagawaji, samahani, ni wafanyakazi wetu. Mkunga mstaafu ndio kidogo atushinde, miaka yote kazini alikuwa anatoa dawa leo tunamwambia asitoe hata panado bila kuuliza. Amebishana nasi kikao kizima. Mwisho sio sisi tuliomshawishi, ni fundi wa reli, alimwambia mama, kwenye reli hata mimi niliyejua injini sikuruhusiwa kugusa njia panda, kuna mwenye kazi yake, mimi nikiona ubovu naandika. Akanyamaza. Tangu siku ile sheria inaitwa ya reli: ukiona andika, ukiandika piga simu.

Kwenye pakiti za dawa wanachora jua kwa asubuhi na mwezi kwa usiku. Rahisi na inafanya kazi.

Aprili, masika

Ziara zimeanza sawasawa baada ya Idd, wawili wawili, na mvua nayo imeanza. Tope. Mtu wa miaka 66 kwenye tope la Pongwe akiteleza tuna mgonjwa mwingine, kwa hiyo siku ya mvua kubwa ni simu tu hakuna kutoka. Kuna wanaotoka kwa siri. Tunajua.

Tunachokutana nacho ni vitu vidogovidogo ambavyo hakuna hospitali ingeviona. Wazee hawanywi maji. Sio kwamba hayapo, wanayakwepa ili usiku wasiende chooni, choo kiko nje, giza, ngazi mbili za tofali zinazocheza, ndani ni kuchuchumaa na goti halikunjiki. Basi mtu anakausha mwili kuanzia saa kumi jioni, asubuhi kizunguzungu, anadondoka, familia wanasema presha imepanda. Dawa ya hapo ni kiti. Seremala wetu ametengeneza kiti cha mbao chenye tundu katikati, kina mikono ya kushikilia, ndoo chini, kinakaa chumbani. Babu wa kwanza kupelekewa alitukana. Akasema atakaa kwenye kiti hicho akiwa maiti. Mfanyakazi aliyekwenda ni mtani wake, akamjibu maiti hawanywi uji, chagua. Sasa anakitumia, kakivalisha na kitambaa.

Utani hatukuufikiria kabisa tulipokuwa tunapanga nani aende kwa nani. Tulipanga kwa umbali. Wazee wenyewe wamepanga upya, mwanamume kwa mwanamume hasa kwenye kuogeshwa, na panapowezekana mtani kwa mtani, kwa sababu mtani anaweza kukwambia unanuka kaoge na usikasirike. Wale wazee waliokuja na mkonge wana watani hapa wa tangu kambini. Hii nguvu ilikuwa imekaa tu.

Yupo mmoja kati yao, wa Kigoma, anakaa peke yake kwenye chumba cha lain ya zamani, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa mkonge. Alikuwa hafungui mlango kwa mtu. Nyapara alisimama nje akapiga ile kelele yake ya saa kumi na moja alfajiri, ya kuitia watu kazini. Mlango ukafunguka mtu anacheka. Jicho moja haoni kabisa, lingine linaelekea huko, inaonekana mtoto wa jicho, jambo linaloweza kufanyiwa upasuaji, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kwamba linatibika. Kitambulisho cha matibabu ya wazee hana, kwa sababu hana cha kuthibitisha umri, kwa sababu kadi ya kazi ya shamba iliungua. Tumeanza na mwenyekiti wa mtaa, barua, mashahidi. Nyapara ndio shahidi.

Mei

Mwezi mgumu, nitaandika kwa ufupi baadhi.

Familia mbili zimetufukuza. Mtoto wa mjini kasikia kuna watu wanamtembelea mama yake kila wiki, kapiga simu, "mnataka kiwanja." Namuelewa, Tanga viwanja vimepanda na wajanja wapo. Kwa hiyo tumeandika masharti tukayabandika ofisi ya mtaa: mfanyakazi wetu hashiki kadi ya benki wala simu ya pesa ya mzee, hatumwi kutoa hela, hasaini wosia wala hashuhudii, zawadi mwisho ni kikombe cha chai. Na kabla ya ziara ya kwanza tunampigia mtoto, hata akiwa Muscat. Familia moja imeturudisha, nyingine bado.

Ni kubaya zaidi pale unapokuta mzee hatunzwi vizuri na waliomo ndani ni watu unaosali nao. Kina mama wetu waliona alama mkononi kwa bibi mmoja. Walikaa nayo wiki nzima bila kusema kwa kuogopa kuvunja nyumba ya watu. Tumekubaliana kwamba hilo haliamuliwi na mfanyakazi mmoja, linakuja kwenye kikao, halafu linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii. Limekwenda. Sitaandika zaidi.

Tumepata msiba, yule babu wa pili kwenye orodha ya katekista. Tulitegemea, alikuwa na kiharusi kwa muda mrefu, ila wafanyakazi wetu wameumia kuliko tulivyodhani, maana kwao sio mteja, ni umri wao, wanajiona. Tumeweka kikao cha wenyewe kwa wenyewe bila fomu, wanakaa wanasema. Harare kule Zimbabwe tangu 2006 wana mabibi waliofundishwa kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kusikiliza wenye mawazo, wazo hilo limefika mpaka Zanzibar, na moja ya vitu nilivyovipenda kwao ni kwamba bibi hatoi ushauri haraka, anauliza, anamwacha mtu afungue matatizo yake achague moja la kuanza nalo. Tumelijaribu hili kwenye kikao chetu kwanza. Ngumu! Mzee wa Kitanga kukaa na asitoe nasaha ndani ya dakika mbili, we acha. Mkunga anajishika mdomo kwa mkono kabisa.

Juni

Wafadhili wanataka ripoti ya "waliofikiwa". Tutawapa idadi, ziko kwenye daftari. Ila kwa maoni yangu daftari lina safu moja tu yenye maana, ile ya mwisho tuliyoiongeza Aprili, inauliza "nini kimebadilika tangu mara iliyopita?" Humo ndimo kuna mambo: kaacha kutania. Sufuria ni ileile ya jana. Anavaa kandambili mguu mmoja, mwingine unavimba. Anamwita mjukuu kwa jina la marehemu. Nesi wa kituo cha afya sasa anaomba hiyo safu kwanza kabla hajagusa mgonjwa, ameacha kutuuliza kama hawa watu wana vyeti.

Wafanyakazi wetu nao wanazeeka humuhumu, ndio kazi ilivyo. Mama wa vitumbua kasimama, anauguza mjukuu na asubuhi ana biashara, tumempa kazi ya simu tu, anapigia wazee wake jioni akiwa anakanda. Nyapara goti linamsumbua, anatembelewa Jumatatu na anatembelea Alhamisi, wala haoni ajabu. Hatutaweka ukomo wa umri kama mwenzetu mmoja alivyopendekeza, tumeweka tu ule mtihani wa kiti kila baada ya miezi mitatu, akizidi sekunde anaacha kunyanyua watu, anabaki na maongezi na daftari.

Kundi la pili tunalianza wakimaliza kuvuna mahindi, na safari hii wa kwanza ndio wanafundisha, sisi tunakaa nyuma na chai. Bado vinahitajika: betri za mashine za presha (zinakwisha haraka ajabu, nashuku redio za watu), miwani namba mbili na nusu zaidi, na tochi. Yule mzee wa Kigoma barua yake ya umri imesainiwa, ana tarehe ya kuonwa macho, nyapara na mwalimu wa madrasa wanampeleka, nauli ya bajaji iko kwenye bajeti. Ijumaa kwa seremala kuna viti viwili vya kuchukua, na bibi wa mwisho kupelekewa amelalamika kwamba mikono ya kiti iko chini mno, kwa hiyo twende na futi.